Elimu ya Kufuli Katika Soko la Awasi

Miongoni mwa elimu zote za mikono ambazo binadamu amejaliwa kuzipata, sidhani iko nyingine inayotiliwa shaka upesi kuliko elimu ya kufungua kufuli pasipo ufunguo wake. Mtu akisema anajifunza useremala atapongezwa, na akisema anajifunza kushona ataletewa kitambaa. Lakini akisema anajifunza kufungua makufuli, wasikilizaji wake watatazamana kwanza, kisha watamwuliza, kwa staha au bila staha, makufuli hayo ni ya nani. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi tangu nilipoanza, nami silichukii, kwa sababu ni swali la haki, na kwa sababu mtu aliyenifunza elimu hii katika soko la Awasi alikuwa na jawabu lake, jawabu ambalo hakulitamka kwa maneno mengi bali alilidhihirisha kwa namna alivyoiweka meza yake ya kazi.

Awasi ni mji mdogo wa biashara ulio mbele ya Ahero, kando ya njia kuu itokayo Kisumu kwenda Kericho, mahali ambapo uwanda wa Kano huanza kupoteza usawa wake na ardhi kuanza kupanda kuelekea nchi ya Wakipsigis. Kaskazini husimama milima ya Nandi, kusini huonekana mwinuko wa Nyabondo, na hapo mjini huchepuka barabara iendayo Chemelil, ambako matrekta huvuta matela ya miwa msimu wa mavuno. Nilifika huko kwa kazi ya ualimu, nikiwa mtu wa Mombasa aliyezoea hewa ya chumvi na nyumba zilizobanana, na kwa muda mrefu nilidhani kwamba jambo kubwa nitakalolipata katika nchi ile ni lugha ya wenyeji. Lugha niliipata kwa kadiri ya uwezo wangu. Lakini lililonishika moyo na kunikawiza sokoni kila baada ya saa za kazi lilikuwa meza ya mbao chini ya mti ambao Wajaluo huuita ober, upande wa soko unaotazama barabara.

Maji ndiyo yaliyoipa meza ile kazi. Udongo wa Kano ni mweusi na mzito, haunywi mvua upesi, na masika yakizidi milimani, mto Nyando huteremka na tope jingi na kulimwaga katika vijiji vya uwandani chini ya Awasi. Mwaka 2020, mwaka ambao Ziwa Viktoria lenyewe lilipanda hadi kimo ambacho halikuwa limekifikia tangu 1964, jamaa nyingi zilihama na virago vichwani, zikaacha nyumba na vibanda vya biashara vimefungwa kwa makufuli. Maji yalipopungua wenye mali walirudi na funguo zao mifukoni, lakini ufunguo huu uliingia usigeuke, na ule haukuingia hata nusu, kwa kuwa tope laini lilikuwa limepenya katika kila tundu la kufuli na kukauka humo. Aghalabu mtu aliyefikwa na jambo hilo huchukua nyundo. Hupiga mpaka kufuli likakubali, na pamoja na kufuli hung'oka tumbuu, na pamoja na tumbuu hupasuka mwimo wa mlango ambao gharika lilikuwa limeuacha mzima.

Waliokuwa na subira walimwita mzee wa meza ile kabla ya nyundo. Alimimina mafuta ya taa katika tundu la ufunguo, akangoja, akaligongagonga kufuli kwa mpini wa bisibisi, akamimina tena, mpaka tope likaanza kutoka limelegea. Na ikiwa ufunguo ulikuwa umechukuliwa na maji, alitoa vijichuma viwili vyembamba akaviingiza tunduni, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza, na baada ya kitambo kufuli likafunguka pasipo kuvunjika hata kipande chake kimoja. Nilimwona akilifungua namna hiyo kufuli la mama mmoja muuza nafaka, mjane, ambaye jioni ile ile alilifungia duka lake kwa kufuli lile lile. Gharama ya kufuli jipya si kubwa kwa mtu mwenye mshahara, lakini kwa mtu aliyerudi nyumbani na kukuta magunia yake yameota ukungu, ni gharama ya chakula cha watoto, na hapo ndipo nilipotambua kwamba kazi hii, ambayo kwa mbali ilinidhihirikia kuwa mwenzi wa wizi, kwa karibu ilikuwa ni aina ya uokozi.

Nilimwendea nikamsalimu kwa taadhima ya huko. "Jaduong'," nikamwambia, "nataka kujifunza kazi yako."

Akanitazama, kisha akauliza, "Mwalimu, unataka kuiuza au unataka kuijua?"

"Kuijua tu, Jaduong'."

"Basi utajifunzia hapa, juu ya meza hii, watu wakipita na kukuona. Watu wasipokuona ukijifunza, siku moja watakuona ukiiba."

Sharti hilo halikuwa mzaha. Meza yake haikuwa na ukuta nyuma yake wala pazia mbele yake, na mvua iliponyesha hakuihamishia barazani kwa mtu, bali aliifunika na kuikatiza kazi. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakingoja abiria walimtazama mikono, wachuuzi wa samaki walimtazama, askari wa zamu waliopita walimtazama, na yeyote aliyeuliza kinachotendeka alijibiwa kwa kirefu. Nilipokaa kwenye benchi lake kwa mara ya kwanza nilitazamwa mimi pia, na kutazamwa huko kuliniwia vigumu kuliko kufuli lenyewe, kwa maana mtu mzima, tena mwalimu, si jambo jepesi kwake kuonekana na wazazi wa wanafunzi wake akihangaika na kipande cha chuma kisichomtii. Hata hivyo, nilipofikiri baadaye, niliona kwamba jamii iliyoyaona mahangaiko yangu tangu mwanzo haikuwa na sababu ya kuogopa ustadi wangu ulipokuja, kwa kuwa ulikua mbele ya macho yake.

Hakunipa kufuli la kufungua. Alinipa kufuli la kuvunjavunja, yaani la kutengua kipande kwa kipande, na akanitaka nilijue kwa ndani kabla ya kuligusa kwa nje. Katika kufuli la kawaida linalouzwa madukani siku hizi mna silinda ya shaba nyeupe, na ndani ya silinda hiyo mna kiini ambacho hugeuka pamoja na ufunguo. Kiini na mwili wa silinda hupitiwa na matundu madogo yaliyopangwa mstari mmoja, na katika kila tundu hukaa pini mbili, moja juu ya nyingine, zikisukumwa na springi. Pini zikiwa zimelala, ile ya juu huingia nusu ndani ya kiini na kukizuia kisigeuke. Meno ya ufunguo halisi huinua kila jozi kwa kadiri yake, si zaidi wala si pungufu, hata mahali panapoachana pini ya chini na ya juu pakalingana sawasawa na mpaka wa kiini na mwili. Mipaka yote ikilingana kwa pamoja, kiini huwa huru. Asili ya hikima hii ni ya kale mno, kwani Wamisri wa zamani walikuwa na komeo za mti zenye vijiti vilivyoanguka kwa uzito wake na kuinuliwa kwa ufunguo wa mti wenye meno. Lakini umbo dogo tunalolibeba mifukoni leo ni kazi ya Linus Yale mdogo wa Marekani, aliyepata hati zake za uvumbuzi katika miaka ya 1861 na 1865.

Nilipokwisha kuelewa hayo niliuliza swali ambalo kila mwanafunzi huliuliza: ikiwa pini zote hazina budi kulingana kwa wakati mmoja, mtu mwenye kijichuma kimoja awezaje kuziinua moja baada ya nyingine bila ya zile za kwanza kuanguka? Mzee akaniwekea kiini mkononi, akanionyesha matundu yake kwa ncha ya sindano, akasema niyatazame kwa kuyaelekeza kwenye mwanga. Yalionekana yamenyooka. "Hayakunyooka," akasema. "Hakuna mkono wala mashine iliyonyosha matundu haya." Na hiyo ndiyo siri yote ya elimu hii, kama inafaa kuitwa siri. Maadamu matundu hayakulingana kikamilifu, ukikisokota kiini kidogo kana kwamba wataka kukigeuza, si pini zote zinazobanwa kwa pamoja. Moja hubanwa kwanza, ile ambayo tundu lake limepotoka kuliko mengine kwa unene usiofikia hata unywele. Ukiitafuta hiyo iliyobanwa ukaiinua mpaka mpakani, kiini hujongea kiasi kisichoonekana kwa jicho, pini ya juu hukwama juu ya ukingo wake, na zamu ya kubanwa huiangukia pini nyingine. Kufuli hufunguka kwa sababu ya kasoro ya aliyelitengeneza, na kwa kuwa hakuna kitengenezwacho na binadamu kisicho na kasoro, kazi ya mfunguaji ni kuitafuta kasoro kwa adabu na kuifuata kwa mpangilio wake.

Vyombo vyake alivitengeneza mwenyewe. Kile cha kusokotea, ambacho alikiita kikazio, kilikuwa ukanda wa chuma uliotolewa ndani ya raba ya waipa za matatu, umekunjwa ncha; na kile cha kuinulia, kichokoo, kilikuwa kipande cha msumeno wa chuma uliokwisha kazi, ambacho alikibana katika jiliwa akakinoa kwa tupa, akikichovya katika maji mara kwa mara ili moto wa msuguano usiue ugumu wa feleji, kisha akakilainisha kwa msasa mpaka kikateleza kwenye kidole. Alinitaka nitengeneze vyangu kwa namna hiyo hiyo. Kisha akatoa pini zote katika kufuli la kujifunzia isipokuwa jozi moja, akanipa nilifungue; na kufuli lenye jozi moja hufunguka karibu kwa kuguswa tu, lakini kuguswa huko humfundisha mtu jinsi mkono unavyosikia pini inapofika mpakani. Akarudisha jozi ya pili, kisha ya tatu, na kwa kila jozi iliyoongezwa niligundua kwamba nilichodhani nimekijua nilikuwa nimekijua nusu.

Ugumu wa elimu hii hauko katika kichokoo, bali katika kikazio. Kila anayeanza hukaza mno, kwa sababu akili yetu imezoea kudhani kwamba kizuizi hushindwa kwa nguvu, na kadiri kufuli linavyokataa ndivyo mkono unavyozidi kubana. Na mkono ukizidi kubana, pini zote hukwama pamoja, na tofauti ile ndogo baina ya iliyobanwa na isiyobanwa, ambayo ndiyo mwongozo pekee tulio nao humo gizani, hupotea kabisa. Mzee hakunikataza kwa kunena. Alikuwa akiweka kidole chake juu ya kidole changu kilichoshika kikazio, akakiinua taratibu mpaka nikahisi uzito uliobaki si uzito wa kidole, bali wa ukucha. Na hapo kufuli lililokuwa bubu likaanza kusema. Ni kama kutafuta stesheni ya redio ya zamani kwa kuzungusha kitufe: mwenye pupa huipita sauti asijue kwamba ameipita. Nilistaajabu kuona kwamba vidole vyangu, ambavyo kwa miaka mingi vilishika chaki na kalamu tu, vilikuwa na uwezo wa kupambanua mambo madogo kiasi kile, na uwezo huo ulikuwapo siku zote pasipo kuulizwa.

Yako makufuli yaliyokusudiwa kumdanganya mfunguaji. Pini zake za juu zimechongwa kiuno katikati, nene huku na huku na nyembamba kati, na mtu akiziinua kiini hugeuka kidogo kwa furaha, kana kwamba kimekubali, kisha kikasimama. Mwanafunzi husherehekea, akaongeza nguvu, na nguvu ile humfungia njia. Ufunguko huo wa uongo hauna dawa ila kulegeza kikazio, kukiachia kiini kirudi nyuma kidogo, kwa hatari ya kuziangusha pini zilizokwisha kushika, na kuianza tena ile iliyonaswa kiunoni. Nakiri kwamba napenda kufuli la namna hii kuliko jingine lolote, kwa kuwa ndani yake mna mtu aliyefikiri, huko mbali na miaka mingi iliyopita, juu ya mtu mwingine atakayekuja na vijichuma viwili, akamwandalia mtego. Na hao wawili, ambao hawatapata kuonana, hushindana kwa haki.

Shindano la namna hiyo liliwahi kuishughulisha nchi nzima. Katika dirisha la duka la Bramah, katika mtaa wa Piccadilly mjini London, lilitundikwa kwa miaka mingi kufuli lenye tangazo la kumwahidi gini 200 yeyote atakayeweza kulifungua bila ya ufunguo. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, alifika Mmarekani aliyeitwa Alfred Charles Hobbs. Akalifungua kwanza kufuli mashuhuri la Chubb, ambalo lilisifiwa kwamba humfichua kila anayelichezea, kisha akaliomba lile la Bramah, akalifanyia kazi kwa saa 51 zilizogawanywa katika siku 16, hata likafunguka. Watu walighadhibika. Wengine walisema kwamba kuitangaza kasoro ya kufuli ni kuwafundisha wevi, na kwamba mambo kama hayo yapaswa kukaa faraghani baina ya mafundi. Kitabu juu ya makufuli kilichohaririwa na Charles Tomlinson na kuchapishwa mwaka 1853 kilijibu hoja hiyo kwa hoja ambayo mimi sijaona iliyoitangua: wevi ni wastadi katika kazi yao na walikwisha kuijua kasoro kabla ya wote, kwa hiyo asiyeijua ni mwenye mali peke yake, naye ndiye anayehitaji kuijua. Nilipomsimulia mzee wa Awasi kisa hicho hakushangazwa na saa 51. Aliuliza jambo moja tu: "Aliifanya kazi hiyo mbele ya watu?" Nikamjibu kwamba walikuwapo waamuzi waliokubaliwa na pande zote mbili. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Maana kwake yeye hilo ndilo lililokuwa jambo, na ilinichukua muda kulielewa kwa kina chake. Nyundo huacha ushahidi. Kufuli lililokatwa, tumbuu iliyong'olewa, bati lililofunuliwa, yote hushuhudia kwamba aliingia mtu asiye na haki ya kuingia, na mwenye nyumba akirudi hujua mara moja. Na kwa kweli wezi wengi huingia kwa njia hizo, si kwa vichokoo, kwa sababu wizi una haraka na elimu hii haina haraka. Lakini kufuli lililofunguliwa kwa ustadi hufungwa tena likawa kama lilivyokuwa, isipokuwa labda mikwaruzo midogo juu ya pini ambayo mtaalamu hawezi kuiona ila kwa kioo cha kukuzia. Ustadi huo hufuta nyayo zake wenyewe, na kwa ajili hiyo mwenye kuwa nao ana deni la kuleta ushahidi kutoka mahali pengine. Mzee alililipa deni hilo kwa daftari. Lilikuwa daftari la shule la kurasa nyingi, limefunikwa kwa karatasi ya khaki, na katika kila ukurasa aliandika tarehe, aina ya kufuli, jina la mwenye nalo, na jina la shahidi. Na pasipo shahidi hakufungua, mwombaji awe nani.

Nilikuwapo siku alipojiwa na bwana mmoja aliyevaa nadhifu, mgeni kwangu, aliyesema kwamba ametoka Nairobi usiku na kwamba ufunguo wa nyumba yake umepotea safarini. Kitasa kilikuwa cha mlango wa mbele, na alikuwa tayari kulipa mara mbili ya ujira wa kawaida ili apumzike. Mzee akamwambia, "Nyumba ni yako, nasadiki. Niitie jirani mmoja anayesadiki kama mimi." Yule bwana akakasirika, akauliza kama anafanana na mwizi, akataja kazi yake na cheo chake, na watu waliokuwa karibu wakaanza kukusanyika. Mzee hakupandisha sauti wala hakueleza zaidi. Aliendelea kupangusa tupa yake. Bwana akaondoka kwa ghadhabu, na mimi nikadhani mambo yamekwisha. Lakini kabla ya adhuhuri alirudi na jirani yake pamoja na mzee wa kijiji, na ikabainika kwamba nyumba ilikuwa yake kweli, na kwamba kila alilolisema lilikuwa kweli. Mzee alikifungua kitasa, akaandika majina yao katika daftari, na akakataa ujira, kwa kusema kwamba bwana amekwisha kulipa kwa miguu yake. Nilimwuliza njiani kama hakuona haya kumshuku mtu mwema. Akasema hakumshuku, bali kama angalimfungulia mtu mwema bila shahidi, kesho yake asingalikuwa na namna ya kumkatalia mtu mbaya, kwa kuwa wote wawili huja wamevaa nadhifu.

Sheria ya nchi ina neno lake katika jambo hili, na mwenye kutaka kujifunza yampasa alijue mapema. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhesabu kuwa na hatia mtu anayekutwa nje ya makazi yake na chombo cha kutumiwa katika uvunjaji wa nyumba au wizi, na chombo kilichotengenezwa kwa kusudi hilo ni ushahidi juu yake. Nililitafakari sana, kwa sababu kwa mtazamo wa kwanza sheria na mzee walinipeleka njia mbili: sheria iliniambia kwamba nyumbani ndiko kwenye salama, na mzee aliniambia kwamba nyumbani, nyuma ya mlango uliofungwa, ndiko inakoanza tuhuma. Nilipomweleza hakuona mgongano. Yeye alikuwa fundi anayejulikana na kazi yake ilikuwa wazi. Mimi si fundi, kwa hiyo vikazio na vichokoo vyangu vilikaa katika sanduku lake mezani, na sikupata kuvibeba njiani hata siku moja, wala sivibebi leo. Fauka ya hayo, aliniwekea masharti mawili ambayo nimeyakuta baadaye, karibu kwa maneno yale yale, miongoni mwa wapenzi wa sanaa hii huko Ulaya, ambako kilianzishwa chama chao mjini Hamburg mwaka 1997: usifungue kufuli lisilo lako ila kwa idhini ya mwenyewe, na usijifunzie kwenye kufuli linalotumika, kwa kuwa kichokoo cha mwanafunzi huweza kuliharibu na kumwacha mtu nje ya nyumba yake.

Kujifunza kufungua kumenibadilisha namna ninavyotazama kufunga. Zamani niliitazama milango mikubwa ya Mji wa Kale, Mombasa, yenye minyororo na tumbuu nzito, nikaona nguvu tupu. Sasa naona kwamba baraza iliyo mbele yake, ambapo wazee walikaa alasiri hadi magharibi, ilikuwa na ulinzi kuliko mnyororo. Nilipozuru Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori, zile kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2018, niliyaona malango yake mafupi na membamba, yanayomlazimu kila aingiaye kuinama, na karibu na lango mahali pa mlinzi. Humo hamkuwa na kufuli. Palikuwa na jicho la mtu, na mwendo uliopunguzwa makusudi ili jicho lipate nafasi ya kuona. Nayo maboma ya Kano ya zamani yalizungushiwa ua wa mnyaa na kuwa na lango moja, rangach, na ambaye hakupita rangach alikuwa amejihukumu mwenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniuliza siku hizi anunue kufuli gani, simwambii jina la kufuli kwanza. Namwuliza tumbuu yake imeshikwa na nini, maana kufuli zuri juu ya tumbuu iliyopigiliwa misumari mifupi katika mbao laini ni fedha iliyopotea. Afadhali boliti zinazopenya mlango mzima na kukazwa kwa ndani. Namwambia asimimine mafuta mazito ndani ya kufuli, kwa kuwa katika vumbi la Awasi mafuta hugeuka tope lingine, bali atie unga wa risasi ya penseli, ambao hulainisha pasipo kunata. Kisha namwuliza jirani yake ni nani, na kama wanasalimiana.

Mzee bado anafanya kazi yake, ingawa kwa saa chache, na shuleni kwangu kipo sasa chama cha wanafunzi wa ufundi huu, ambacho hukutana alasiri kwenye veranda ya mbele, si darasani, meza zikitazama lango. Nilipokianzisha niliita mkutano wa wazazi, nikayaeleza yote niliyoyaeleza hapa, na wengine waliwakataza watoto wao wasiingie. Sikuwashawishi, na watoto hao wako katika chama cha kilimo. Mama mmoja, mnunuzi wa vyuma chakavu, alisimama akasema kwamba mwalimu anafuga wezi kwa fedha ya karo. Nilimwomba aje aketi nasi alasiri moja, naye akaja, akatazama watoto wakitengua makufuli yaliyojaa tope la Nyando, wakiyaosha kwa mafuta ya taa, wakipanga pini kwa urefu wake juu ya karatasi, na mmoja wao akiandika katika daftari jina la mwenye kila kufuli na jina la shahidi. Alitaka kujua shahidi ni wa nini. Mtoto aliyekuwa akiandika, ambaye hakumaliza hata muhula mmoja nasi, alimweleza. Tangu siku hiyo makufuli mabovu yanayomfikia katika biashara yake hayauzi kwa kilo; hutuletea, na juu ya kila moja hufunga karatasi yenye jina la aliyemwuzia.